Jinsi Bi Mwanahawa wa Chuno Alivyoketi

Tegeni masikio, enyi watu wa Chuno na Chikongola, na nyinyi wa Shangani mnaopunga upepo jioni na viatu mkononi. Tueni ndoo, egemezeni baiskeli ukutani, epueni sufuria wali usije ukaungua, kwa maana habari ninayoileta ni nzito na haisikilizwi kwa sikio moja. Wako wanaosimulia majemedari waliovuka Ruvuma na majeshi yao, na wako wanaosimulia wafalme waliobomoa ngome kwa mizinga. Mimi nawasimulia mwanamke aliyekaa kitako. Alikaa mchana kweupe, mbele ya mashahidi, juu ya benchi, na tangu siku hiyo dunia, kwa kadiri inavyoonekana kutoka Chuno, haikurudi kama ilivyokuwa.

Ilikuwa mwaka wa sitini na sita, korosho zilipojaa maghala mpaka nyingine zikalazwa nje chini ya maturubai. Wakati huo ilikuwako mjini Mtwara kampuni iitwayo Nanga Nyeupe. Ilinunua korosho, ikazipakia melini, ikapata faida. Na baada ya kupata faida, kama mtu aliyeshiba akamkumbuka jirani, iliwakumbuka watu. Kumbukumbu hiyo waliipa jina, Wajibu Wetu kwa Wananchi, na jina likaandikwa juu ya kila walichotoa, kwa herufi ambazo mara nyingine zilikuwa kubwa kuliko kitu chenyewe.

Msinidhanie mwenye kinyongo. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba aliyepata kutoka kwa watu anapaswa kuwarudishia watu, na ningefurahi kuyaona makampuni yote ya nchi hii yakishindana katika jambo hilo kama ngalawa siku ya sikukuu. Lakini kutoa nako kuna namna zake, na namna ya Nanga Nyeupe ilikuwa hii: kitu hakijatolewa mpaka kimepigwa picha kikitolewa.

Sasa mlijue benchi. Lilikuwa mwana wa mninga, mzaliwa wa misitu ya Nachingwea, lililopasuliwa kwa msumeno na kupigwa randa na fundi wa Mikindani hadi likang'aa kama paji la uso la bwana harusi. Miguu yake ilikuwa minene kama ya tembo, mgongo wake umenyooka kama askari wa gwaride, na kifuani lilivaa kibao cha shaba chenye jina la kampuni, mfano wa nishani ya shujaa ambaye bado hajaenda vitani. Likashushwa kwenye baraza la zahanati ndogo upande wa Chuno, pale wajawazito wanapongojea siku ya kliniki. Likafunikwa shuka jeupe lisiingie vumbi. Juu ya shuka ukafungwa utepe mwekundu, na amri ikatoka: asiketi mtu mpaka Mkurugenzi mwenyewe aje kutoka Dar es Salaam, aukate utepe na kulikabidhi.

Mkurugenzi alikuwa aje Jumatatu. Jumatatu akapata mkutano. Akasema mwezi ujao. Na mwezi ujao ama yeye aliikosa ndege, ama ndege ilimkosa yeye, maana wasimulizi wa vita hii wanahitilafiana.

Ikawa, basi, kila siku ya kliniki akina mama wanakuja asubuhi na mapema, wanajipanga wima ukutani, mkabala na benchi, wanatazamana nalo. Ilikuwa masika. Ua ulikuwa tope tupu, na sakafu ya baraza ilitoa baridi iliyopanda mpaka mifupani. Wakasimama kama majeshi mawili yasiyojua ni lipi lianze. Na kwa kuwa kile kitu kilikuwa kirefu, kimelazwa, kimefunikwa shuka jeupe, watu walianza kushusha sauti wanapokipita, bila kuambiwa na yeyote. Mpita njia mmoja alisimama nje ya ua, akainua mikono, akakiombea dua, akaenda zake.

Miongoni mwa waliosimama alikuwamo Somoe, mwenye mimba yake ya kwanza, miguu imevimba hata ndara hazimwingii. Na nyuma ya Somoe alikuwako bibi yake mzaa mama, Mwanahawa binti Ausi: Myao wa ukoo wa watembea kwa miguu, mtwanga kisamvu mashuhuri wa soko la Chikongola, mzika waume wawili aliyewazidi maneno wote wawili. Mwanahawa alipoona mjukuu wake anabadilisha mguu kama kuku juani, hakulalamika. Mara iliyofuata alikuja na silaha. Alikuja na mbuzi ya kukunia nazi, akaikunjua pale barazani, akapangusa kibao chake kwa ncha ya kanga, akamwambia Somoe aketi.

Hapo ndipo alipotokea mlinzi wa ngome. Huyu alikuwa Nesi Rozalia, mwanamke wa upande wa Ndanda, mwenye moyo laini na kofia iliyopigwa pasi mpaka ikawa kali. Aliyatazama meno ya ile mbuzi, akamtazama Somoe, akashika kichwa.

"Bibi, chuma hiki kikimchoma mjamzito, nitamwambia nini Mganga Mkuu?"

"Mwambie alichomwa akiwa ameketi," Mwanahawa akajibu. "Hawa waliosimama hawatachomwa. Wataanguka tu."

Nesi Rozalia akaiondoa mbuzi kwa mikono yake mwenyewe, na msimlaumu upesi. Kampuni ilikuwa imemwahidi mabati. Paa la zahanati lilivuja, na lilivuja mahali pabaya, juu ya kitanda cha kuzalia, hata mtoto alikuja duniani akakaribishwa na tone la mvua kabla ya kumwona mama yake. Nesi alikuwa ameambiwa kwa lugha ya adabu kwamba sherehe ya benchi ikienda vizuri, mabati yatafuata. Na kwamba benchi likichafuka kabla ya sherehe, litarudi ghalani na mabati yatabaki huko huko pamoja nalo. Kwa hiyo akalinda. Tena nishuhudie haki: yeye naye hakuketi. Alisimama kutwa nzima pamoja na wale aliowasimamisha, na jioni alirudi kwake Chikongola akichechemea.

Kulikuwa pia na habari ya saa. Mwaka wa nyuma yake, wakati wa meneja mwingine, Nanga Nyeupe iliitoa kwa zahanati hiyo saa kubwa ya ukutani. Kwa kuwa mgeni rasmi wa wakati huo hakupenda vumbi, ilikabidhiwa Shangani, sebuleni katika nyumba ya kampuni, wakapiga picha, wakanywa chai, wakasema wataileta kesho. Saa ile ilikuwa ingali Shangani, ikiwagongea mameneja saa ya chai. Kila mwanamke wa Chuno aliijua habari hiyo, na aliyeisahau alikumbushwa na msumari mtupu uliobaki ukutani, juu ya mlango wa nesi.

Hata ikafika siku moja ya mvua nyingi, foleni ndefu, na nesi yumo ndani na mwanamke mwenye uchungu. Somoe alikuwa ameegemea ukuta. Akaanguka. Hakuanguka kwa kishindo. Aliteleza ukutani polepole, kama kanga inavyoteleza kwenye kamba, akalala sakafuni, kichwa chake chini ya benchi ambalo hapakuwa na mtu juu yake. Wanawake wakampepea, nesi akatoka mbio na maji, akapiga magoti tope na yote. Somoe alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama zamu yake imepita.

Nesi Rozalia akageuza uso ukutani kwa muda. Mwanahawa akamfunga mjukuu wake kanga, akalitazama benchi toka mwanzo hadi mwisho, na waliomjua wakaogopa.

Siku ya kliniki iliyofuata ndiyo siku yenyewe. Asubuhi habari zilitangulia, kama vumbi linavyotangulia jeshi: Mkurugenzi anakuja leo kwa ndege ya asubuhi, lakini hafiki Chuno. Ataiona bandari, atakula Shangani, ataruka kurudi kabla ya jua kupinda. Benchi litamfuata yeye. Litapelekwa kwenye bustani ya nyumba ya kampuni, litakabidhiwa kwa wanawake wachache waliokwisha kugawiwa kanga mpya, na baada ya hapo litarudishwa. Aliyeleta habari alilitamka neno hilo la mwisho bila kututazama usoni sisi tuliokuwapo barazani, na macho yetu sote yakaenda kwenye ule msumari.

Punde lori likanguruma. Mbele alikaa Fikirini dereva, na ubavuni mwake Bwana Yohana, meneja mpya wa tawi, kijana wa tai nyembamba aliyekuwa hajamaliza miezi mingi mjini. Wapagazi wakaruka chini. Bwana Yohana akasalimu kwa heshima, akaeleza kwa maneno machache na ya haya kwamba wanalichukua benchi kwa muda mfupi, akawaashiria watu wake. Wakakamata huku na huku. Wakalipima uzito.

Hapo, wasikilizaji wangu, ndipo Mwanahawa alipotoka safuni. Alizifunga kanga zake upya kama shujaa akazaye mkanda wa upanga. Alivua viatu akavipanga pamoja. Akapita kati ya wapagazi kama jahazi kati ya miamba, akageuka, akashika magoti, akasema bismillahi, na akaketi. Aliketi juu ya shuka, juu ya utepe, katikati kabisa ya benchi, kwa uzito wote aliopewa na Mwenyezi Mungu na kuuongezewa na mihogo ya Chuno. Na mninga ule, uliokuwa umenyamaza miezi yote hiyo, ukatoa mlio mdogo, kama mtu aliyetua mzigo.

Wapagazi wakaachia. Fikirini akazima injini. Bwana Yohana akasogea, mikono amefumbata, akasema, "Bibi, tafadhali inuka. Hili bado ni mali ya kampuni."

Mwanahawa akamtazama kutoka juu hadi chini, kisha akamuuliza yeye ni mtu wa wapi. Akajibu kwamba ni wa Peramiho. Akamuuliza kabila. Akajibu kwamba ni Mngoni.

"Alhamdulillahi," akasema Mwanahawa, akajiweka vizuri zaidi. "Nilijua mwenye msiba atafika. Mimi ni Myao, bwana mdogo. Nakungojea wewe tangu babu yako alipomkimbiza babu yangu."

Nanyi mnajua utani wa makabila haya mawili. Babu zao walipigana kwa mikuki, na kwa vile hawakumalizana, wajukuu wakarithi vita kwa maneno. Pakiwa na msiba, mtani ana haki ya kumzuia maiti mlangoni, ya kushuka kaburini akagoma kutoka, ya kuvaa nguo za marehemu akaigiza mwendo wake. Naye mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, aibu ni ya ukoo wake mzima. Sharti akomboe maiti wake, au asizike.

"Lakini bibi," Bwana Yohana akasema, "hapa hakuna aliyekufa."

Ndipo Mwanahawa akatoa hotuba yake, ambayo mpaka leo wanawake wa Chuno wanaikariri wakitwanga.

"Hakuna? Nimemwona amelala hapa masika yote, amefunikwa nguo nyeupe. Watu wakimpita wananong'ona. Hakuna anayethubutu kumgusa. Dua amekwisha kuombewa. Leo mmekuja na lori na wanaume wa kubeba. Kwetu sisi Wayao, huyo ni maiti. Sijui nyinyi Wangoni mnamwitaje. Babu zako walitujia na ngao wakachukua ng'ombe, tukanyamaza. Wewe umekuja na tai, unachukua benchi la wajawazito. Maiti huyu hatoki mlango huu mpaka mtani alipwe."

Mvua ilikuwa imekatika, na maji yalidondoka kutoka paa bovu, tone baada ya tone. Tulimtazama Bwana Yohana, maana kila kitu kilining'inia kwenye uso wake. Angeweza kuwaamuru wapagazi wamwinue; na wangemwinua, kwa kuwa kibarua ni kibarua. Uso ule ukajikaza, ukatetemeka, kisha ukapasuka kicheko ambacho nadhani hakikuwa kimetoka tangu aondoke kwao. Miezi yote aliyokaa Mtwara watu walikuwa wakimwita bwana meneja. Hakuna aliyekuwa amemwita mtani.

"Nyinyi Wayao," akasema, akipangusa macho kwa tai, "mlishindwa kutupiga kwa mikuki, sasa mnatupiga kwa makalio."

"Kila mtu na silaha aliyojaliwa," Mwanahawa akajibu.

Bwana Yohana akatia mkono mfukoni, akatoa noti, kama desturi ilivyo. Mwanahawa akaufumba mkono wa kijana juu ya noti yake, akaurudisha kwa upole. Fidia ya pesa, alisema, hulipwa kwa maiti wa kuzikwa. Huyu wa leo anaweza kufufuka. Akamwonyesha Somoe, aliyekuwa amesimama pale pale ukutani, mikono kiunoni, jasho likimtoka.

"Mfunue. Mketishe mtoto huyu. Akipumua, na yeye huyu wa mninga atakuwa amepumua, nami sina dai tena."

Bwana Yohana akaacha kucheka. Akamtazama Somoe, na sidhani kama alikuwa amemwona kabla ya hapo; alikuwa akiona benchi. Akasema kwa sauti ya chini, maneno ambayo hayakuwa ya utani hata kidogo, kwamba Mkurugenzi anatua sasa hivi, bustani imepangwa, mpiga picha yuko tayari, na yeye mwenyewe ni mgeni kazini.

"Mwambie umezuiwa na msiba," Mwanahawa akamwambia, na yeye pia hakuwa anatania. "Mwambie wafiwa wameketi, na atakayetaka kuwaona aje kuhani."

Bwana Yohana akainama. Hakuukata ule utepe. Aliufungua kwa vidole, fundo kwa fundo, akauzungushia mkononi. Akalikunja shuka, akampa Nesi Rozalia, ambaye alilipokea kama apokeavyo mtoto. Mwanahawa akasogea kidogo. Na Somoe akaja, hatua baada ya hatua, akashika mgongo wa benchi, akajishusha, akafumba macho. Aliinyoosha tu ile miguu yake, na wote tulioiona miguu ile ikinyooshwa tulijua kwamba ngome imeanguka.

Baada yake wakaja wengine, wakajaa bega kwa bega, na aliyekosa nafasi akaambiwa asubiri, zamu ipo. Nesi Rozalia alikuwa wa mwisho. Alikataa, akaitwa, akakataa tena. Mwishowe Mwanahawa alimvuta mkono, akamwambia mabati hayashuki haraka kwa sababu mtu amesimama.

Bwana Yohana alikwenda uwanja wa ndege na lori tupu. Aliyoyasema huko hatukuyasikia, ila Fikirini alitusimulia baadaye. Alimwambia Mkurugenzi kwamba huko Chuno kuna mila ya zamani inaendelea juu ya benchi lake, mila ambayo wageni wengi huondoka Mtwara bila kuiona, na kwamba kwa mila hiyo benchi haliwezi kuhama. Mkurugenzi alipenda mila. Akasema, basi twende upesi.

Akaja amevaa suti, akiruka madimbwi. Bwana Yohana akaufunga utepe upya, safari hii mbele ya magoti ya wanawake, kutoka nguzo hii hadi nguzo ile. Mkurugenzi akapewa mkasi. Akatazama kulia na kushoto, akainama kwa meneja wake, akauliza kwa sauti ya chini kama akina mama hawangeweza kuinuka kidogo, ili benchi lionekane.

Bwana Yohana akamgeukia Mwanahawa. Mwanahawa akatazama dari.

"Somoe amelala," akasema Nesi Rozalia, na hilo lilikuwa kweli: alikuwa amelala, kichwa begani kwa bibi yake, mdomo wazi kama mtoto.

Mkurugenzi akasimama na mkasi wake. Nadhani, na anisahihishe anayejua zaidi, kwamba mtu yule hakuwa mbaya. Alikuwa tu hajawahi kuona zawadi yake ikitumika. Akashusha sauti, akaukata utepe taratibu usitoe mlio, akarudi nyuma kwa ncha za viatu. Hotuba yake, iliyokuwa ndefu, aliisema yote kwa kunong'ona, na ndiyo hotuba ya pekee ya Nanga Nyeupe iliyowahi kusikilizwa Chuno mpaka mwisho, kwa kuwa ilibidi watu wanyamaze ili waisikie.

Mabati yalikuja kabla ya masika mengine, si yote, lakini yaliyotosha kitanda cha kuzalia. Mtoto wa Somoe alikuja kabla ya mabati, akapokelewa na tone lake la mvua kama wenzake. Saa nayo ilirudi. Bwana Yohana aliileta mwenyewe kwa baiskeli, kama deni la mtani kwa mtani, akaining'iniza kwenye msumari wake. Ilikuwa imesimama njiani kwa mitikisiko na haikutembea tena, na hakuna aliyeipeleka kwa fundi, kwa sababu watu waliokwisha kuketi hawaulizi sana saa.

Na picha ilitoka, katika jarida la kampuni, kwenye ukurasa wa Wajibu Wetu kwa Wananchi. Bwana Yohana alitugawia nakala. Imebandikwa barazani mpaka leo, imekuwa njano pembeni. Mkurugenzi yuko ukingoni, ameshika mkasi kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Katikati ni wanawake tu: matumbo, kanga, nyuso zilizochoka, nesi amevua kofia, na Mwanahawa binti Ausi, Myao, mvunja ngome, amekaa wima kama malkia aliyesamehe. Mninga hauonekani. Kibao cha shaba hakionekani. Na chini ya picha, aliyeandika huko Dar es Salaam, bila shaka kwa masikitiko, ameweka maneno haya:

"Benchi lililotolewa na Kampuni. Halionekani pichani, kwa kuwa limekaliwa."

Mimi nimesoma vitabu vya wafalme na vita vyao, na sikupata humo sentensi iliyonifurahisha kuliko hiyo. Kwa hiyo nanyi, enyi wa Chuno na Chikongola, mkipita pale na miguu ikiwauma, ingieni. Msiogope kibao cha shaba. Semeni tu hodi, na aliyepo atasogea kidogo.